Ng'ombe Mzee Aondoke Lini Kundini?

Zipo ranchi zenye kanuni ya kuuza kila jike anapotimiza miaka 10. Ni kanuni rahisi kuifuata, na inamtia mfugaji hasara. Kundi la Boran katika ukanda mkavu kama Kongwa, mkoani Dodoma, lina majike wanaozaa vizuri baada ya umri huo, na lina wengine waliochoka wakiwa na miaka 8. Kinachotakiwa ni kuwapima mmoja mmoja.

Uzee huanza kuonekana kwenye mimba. Jike hubeba kwa siku 285 hivi. Ukitaka azae kila mwaka, amebakiwa na siku 80 za kupona uzazi, kunyonyesha na kushika mimba nyingine. Joto humrudia kila baada ya siku 21, kwa hiyo nafasi zake za kupandwa ni chache. Aliyekonda huchelewa kupata joto, na mwaka unaofuata atazaa mvua ikiwa imekwisha.

Uzito wa ndama hupungua taratibu kuliko wengi wanavyodhani. Nchini Marekani, Beef Improvement Federation hutumia jedwali la kusawazisha uzito wa ndama wa siku 205 kwa umri wa mama. Ndama wa jike mwenye miaka 5 hadi 10 haongezewi kitu. Ndama dume wa jike mwenye miaka 11 na kuendelea huongezewa kilo 9 hivi, sawa na wa jike mwenye miaka 4. Mama akiwa na miaka 3, ni kilo 18. Kilo hizo ni za mbegu za kwao, wala tusizibebe zilivyo hadi kwa Boran, lakini mwelekeo unaeleweka: bibi kizee wa kundi bado anamshinda mtamba aliyezaa mara ya kwanza. Hata hivyo, tukumbuke kwamba majike wanaofika miaka 11 ni wale waliosalia baada ya wenzao dhaifu kuuzwa.

Mtamba naye ana gharama yake. Hula malisho miaka mitatu au zaidi kabla ya kukupa ndama wa kwanza, kisha hunyonyesha huku mwili wake bado unakua na meno yakiwa yanabadilika. Ndiyo maana mimba ya pili huwashinda wengi wao. Ukimuuza jike mzima wa miaka 11 ili kumpisha mtamba, umeacha kinachojulikana ukachukua kisichojulikana.

Sasa tuje kwenye kinywa, kwa sababu hapo ndipo umri wa kweli ulipo. Ng'ombe ana meno manane ya mbele, yote ya taya la chini. Juu ni ufizi mgumu tu. Jozi ya kwanza hubadilika akiwa na miaka miwili hivi, na kinywa hujaa akikaribia minne. Baada ya hapo meno hulika tu, na kasi inategemea ardhi: malisho mafupi yenye mchanga huyasaga upesi. Akiwa amebanwa kwenye njia ya josho, shusha mdomo wa chini kwa kidole gumba. Meno mafupi lakini yaliyoshikana bado yanakata majani. Yakiwa yamelegea na kuachana, hatakivuka kiangazi kwa nyasi fupi. Magego huyaoni kirahisi, basi tazama kinyesi: nyuzi ndefu za majani zinaonyesha kwamba hatafuni vizuri.

Halafu kiwele. Jike mkubwa mara nyingi hutoa dang'a yenye kinga nyingi, ila haina faida ikiwa kiwele kimening'inia na chuchu zimevimba kiasi kwamba kitoto hakiwezi kuzishika. Utumbo wa ndama hupokea kinga hiyo vizuri katika saa za mwanzo tu. Ikifika siku nzima, mlango umefungwa. Jike wa namna hiyo mimi ningemuuza hata kama meno yake ni mazuri.

Ratiba ina uzito wake. Dume akiingia Machi na kutolewa mwanzoni mwa Mei, mtaalamu anaweza kupima mimba kwa mkono mwanzoni mwa Julai. Mzee asiye na mimba auzwe papo hapo akiwa bado na nyama ya masika. Akisubiri hadi Oktoba, mafuta yamekwisha na bei imeshuka. Mwenye mimba lakini meno mafupi awekwe pamoja na mitamba kwenye malisho bora, na ndama wake aachishwe mapema.

Na yule mzee anayezaa kila mwaka, meno yakiwa imara na kiwele kimekaza, ana kazi nyingine. Dume la mbegu ningelichagua kutoka kwake, kwa kuwa ameshaonyesha kwa miaka mingi kile ambacho mama kijana hajaonyesha bado.