Sheria iliyofuata tumbo la mama

Kitabu cha Kathleen Brown, mwalimu wa historia katika Marekani, kilitoka katika mwaka 1996. Jina lake ni refu, tena lina matusi ndani: Good Wives, Nasty Wenches, and Anxious Patriarchs. Kwa luga yetu tungesema: wake wema, wanawake wachafu, na mababa wenye wasiwasi. Kinaeleza habari za Virginia, koloni ya kwanza ya Waingereza iliyodumu katika Amerika ya Kaskazini, tangu kuanzishwa kwa Jamestown katika 1607. Labda ndugu musomaji atauliza: wanawake wa Virginia wa zamani wanatuhusu nini sisi tunaofundisha katekisimu katika Kongo? Tunamujibu kwamba kule sheria iligusa vitu viwili tunavyovishika kila siku mikononi mwetu, ndiyo jina la baba na maji ya Ubatizo.

Watu wengi wanafikiri kwamba Waingereza walifika Amerika na zarau ya rangi iliyokwisha kutengenezwa, kama mutu anayebeba sanduku lake safarini. Brown hakubali. Anaonyesha kwamba kwao Uingereza watu waligawa kwanza wanawake wao wenyewe. Mwanamuke mwema ni yule anayekaa chini ya mume wake na kutunza nyumba. Mwanamuke muchafu ni yule masikini, mwenye kelele, anayeshukiwa uzinzi. Wote wawili walikuwa Wazungu. Katika Virginia, polepole, jina lile baya liliondolewa kwa Wazungu masikini likatupwa juu ya wanawake wa Afrika.

Jembe ndilo lililofanya kazi hiyo. Feza ya Virginia ilikuwa tumbako, na tumbako inataka mikono mingi. Watumishi wengi wa kike Waingereza walilima kama wanaume, lakini wakubwa waliona haya kukubali neno hilo. Katika 1656 John Hammond, aliyetaka kuvuta watu wahamie kule, aliandika kwamba mwanamuke Mwingereza hatumwi shambani, isipokuwa wale wachafu wasiofaa kwa kazi ya nyumba. Sheria ilikuwa imekwisha kumutangulia. Katika 1643 baraza ya koloni iliamuru kodi ya kichwa ilipwe kwa wanaume wote tangu miaka 16, na kwa wanawake Waafrika tangu miaka 16 pia. Kwa mwanamuke Mwingereza, hapana. Tusome vizuri: sheria hii haikusema neno la utumwa. Ilisema tu kwamba mwanamuke wa Afrika ahesabiwe pamoja na wanaume. Kwetu mama anayelima anasifiwa, na yule asiyelima anachekwa. Kwa Waingereza wale jembe mukononi mwa mwanamuke lilikuwa alama ya kushuka.

Matunda yake yalikuwa machungu hata kwa watu huru. Mwafrika huru akioa mwanamuke Mwafrika, alilipa kodi ya vichwa viwili. Jirani yake Mwingereza alilipa ya kichwa kimoja. Anthony Johnson na muke wake Mary, Waafrika waliopata uhuru na shamba, waliunguliwa na moto, na katika 1653 tribinali ilimusamehe Mary na binti zake wawili kodi ile. Yaani ilibaki kuwa neema, si haki. Katika 1668 baraza ilisema wazi kwamba wanawake Waafrika, hata wakiwa huru, hawawezi kupewa yote wanayopewa Waingereza. Kodi hiyo iliondolewa kwa wanawake huru katika 1769, baada ya miaka 126.

Sasa tufike kwa Elizabeth Key. Baba yake, Thomas Key, alikuwa Mwingereza na mujumbe wa baraza. Mama yake alikuwa mutumwa Mwafrika. Baba alimuweka chini ya mulinzi, ndiye baba yake wa Ubatizo, atumike miaka 9 kisha awe huru. Miaka ikapita zaidi, yeye bado anashikwa. Katika 1655 alishitaki. Avoka wake, William Grinstead, ambaye alimuoa baadaye, alikuwa na hoja tatu: mutoto anafuata hali ya baba, kama sheria ya Uingereza ilivyosema, mapatano ya miaka 9 yamevunjwa, na huyu ni Mukristu. Wachunguzi wa baraza waliandika kwamba inasemekana anaweza kueleza imani yake vizuri sana. Wakatekista wasome mustari huu mara mbili: majibu ya katekisimu yalisaidia kufungua kifungo. Katika 1656 akapata uhuru.

Lakini katika Desemba 1662 baraza iliamuru kwamba mutoto atakuwa mutumwa au huru kadiri ya hali ya mama yake tu. Katika 1667 iliongeza kwamba Ubatizo haubadili utumwa wa mutu, ili mabwana wasiogope tena kuhubiriwa kwa watumwa wao. Hivi milango ambayo Elizabeth alipitia ilifungwa mumoja mumoja. Bwana aliyezaa na mutumwa wake hakuwa baba tena mbele ya sheria. Alikuwa mwenye mali iliyoongezeka. Na maji ya Ubatizo yaliruhusiwa kwa sharti yasiguse mali hiyo. Yaani Yezu Kristu alikaribishwa, bali aache kwanza kitabu cha hesabu. Tena tunakumbuka kwamba Waafrika wa kwanza tunaowajua Virginia, katika 1619, walitoka Luanda, na merikebu ya Wareno waliyonyanganywa ndani yake iliitwa kwa jina la Yoane Mubatizaji.

Katika mambo hayo tunamusifu mwandishi. Sura ya miaka 1640 hadi 1670 inafaa kusomwa yote na kila museminari anayesoma Kiingereza. Lakini hatukubali kila neno. Brown anaeleza mengi kwa wasiwasi wa mababa, waliotaka kutawala nyumba, wake na watumishi, wakiogopa kwamba utawala unawaponyoka. Sisi tunaona faida mbele ya wasiwasi. Na kwa kuihakikisha inatosha kuvuka muto Potomac, ambapo kitabu hakivuki. Katika Maryland, sheria ya 1664 ilisema kwamba mwanamuke Mwingereza huru akiolewa na mutumwa, atamutumikia bwana wa mume wake muda wote mume akiwa hai, na watoto watakuwa watumwa kama baba yao. Virginia ilifuata mama, Maryland ilifuata baba! Neno moja tu halikubadilika: bwana hakosi kitu. Hata hivyo tuwe wa haki. Sheria ya Virginia ya 1691 ilimufukuza katika koloni kila Muzungu aliyeoa au kuolewa na Mwafrika, na mwanamuke Mwingereza aliyezaa na Mwafrika bila ndoa alilipa wazee wa parokia lamande ya paundi 15, au akauzwa kwa utumishi wa miaka 5. Mutoto wake alifungwa kazini hata miaka 30. Mwanamume Muzungu aliyezaa na mutumwa wake hakuonewa hivyo. Hapo faida peke yake haielezi yote, na Brown ana haki.

Maryland ilikuwa koloni ya bwana Mukatoliki, Lord Baltimore. Katika 1681 mutumishi Eleanor Butler, wa Ireland, aliolewa na Charles, mutumwa Mwafrika, mbele ya padri Mukatoliki. Lord Baltimore alimuonya kwamba anajitia katika utumwa pamoja na wazao wake, naye hakurudi nyuma. Wazao wake walishikwa watumwa. Wawili wao walishitaki wakashinda katika 1770, wakashindwa mbele ya tribinali ya juu katika 1771; binti yao Mary alishinda katika 1787. Lakini katika 1838 Mapadri Wayezuiti wa Maryland waliuza watumwa wao 272, wabatizwa wa misioni zao wenyewe, wapelekwe Louisiana. Vitabu vya Ubatizo vya wakati ule vingali vimetunzwa, na leo wazao wa watu wale wanavifungua kutafuta majina ya wazazi wao.