Bustani ya Kipupwe

Njombe na Makete, mvua zikishakata mwezi Mei, wengi hutundika majembe. Mahindi yanakaukia shambani na upepo wa kipupwe umeanza kupenya kwenye nyufa za milango. Lakini nyuma ya jiko, kwenye kibustani kisichozidi ukubwa wa chumba, kazi ndiyo kwanza inaanza. Nauenzi ufundi huu kwa sababu moja: kila kinachofanywa kwa ajili ya baridi hufanywa kabla baridi haijabisha hodi.

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai, usiku wa nyota usio na upepo, ardhi hupoteza joto lake angani. Hewa ya baridi ni nzito, hivyo huteremka hadi bondeni na kutuama huko. Ndiyo maana sakitu huanzia chini. Alfajiri utakuta viazi vya bondeni vimenyauka na kuwa vyeusi kana kwamba vimemwagiwa maji ya moto, na vya mteremkoni, hatua chache tu juu yake, bado vibichi. Mtunza bustani hodari huijua njia ya baridi kiwanjani mwake, na hupanda kwa kuifuata.

Hujua pia kuchagua. Maharage, nyanya na maboga hayavumilii sakitu, kwa hiyo huvunwa mapema. Njegere, kabichi na sukuma wiki huvumilia. Kitunguu saumu huihitaji baridi yenyewe. Kikiikosa, hakigawanyiki vizuri kuwa punje. Nayo sukuma wiki ikishapigwa na baridi hulimbikiza sukari majanini ili maji yaliyomo yasigande upesi. Mlaji huonja utamu. Mmea ulikuwa unajikinga.

Mtazame bibi akihudumia kitalu. Kabla ya kumwagilia huchomeka kidole udongoni, kwa kuwa siku za baridi maji hukawia kukauka na mizizi huoza. Udongo ukiwa mkavu, humwagilia jua likiwa bado kali, maana udongo wenye unyevu huhifadhi joto la mchana na kulitoa usiku polepole. Jioni hutandaza nyasi juu ya kichanja kifupi cha fito, miche ikiwa chini yake. Asubuhi hazitoi hadi jua lishike. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji fedha; vyote vinahitaji mtu aliye macho.

Wengine hulima vinyungu, bustani za mabondeni zinazobaki na unyevu kiangazi kizima. Huinua matuta na kuchimba mifereji kati yake. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka kingo za mito, na mkulima mwenye busara haioni kuwa adui: chemchemi ikikauka, kinyungu nacho kimekwisha.

Watu husifu mavuno ya masika, na wana haki. Lakini mvua humbeba hata mzembe. Kipupwe hakimbebi mtu. Anayepakua mboga mbichi mwezi Julai aliiwaza Julai tangu Mei, mahindi yakiwa bado tele shambani na hakuna aliyemhimiza. Kuwakumbuka wa nyumbani kwako kabla hawajapungukiwa ni upendo, na jembe ni mojawapo ya lugha zake.