Liyongo, Lwanda Magere na Kivuli cha Samsoni

Aghalabu mtahiniwa anapoulizwa kuhusu anguko la shujaa katika mighani, hujibu kwamba Fumo Liyongo na Lwanda Magere ni Samsoni wa Kiafrika: wana nguvu za ajabu, wanampenda msaliti, wanafichua siri, wanakufa. Nasi walimu hutia alama ya vema. Kwa maoni yangu jibu hili ni la kivivu, na fasihi linganishi haijaanza hapo.

Samsoni, katika Waamuzi 16, anasumbuliwa na Delila siku baada ya siku hadi anachoka na kusema. Liyongo hachoshwi. Katika utendi wa Muhammad Kijumwa wa 1913, baba anatambua kuwa mwanawe ametumwa, na bado anamtajia sindano ya shaba na kitovu. Huo ni uamuzi. Anayeuita udhaifu hana budi kueleza ni udhaifu wa aina gani.

Kwa Lwanda Magere tofauti ni kubwa zaidi. Yeye habembelezwi atoe siri, ni mgonjwa. Anamwomba mkewe, binti wa maadui, amchanje na kumpaka dawa, tiba iliyokuwa ya kawaida, ila wembe upite kwenye kivuli, si mwilini. Damu inatoka kivulini. Mke anatorokea kwao, na katika vita vinavyofuata mkuki unalengwa kivulini. Asiyejua tiba ya chale ataona kioja tu. Isitoshe, neno tipo katika Kijaluo ni kivuli, na huhusishwa pia na nafsi ya mtu. Kivuli basi hakiwezi kuwekwa katika orodha moja na nywele na kitovu, eti ‘sehemu dhaifu ya mwili’.

Maarifa haya sijayaona katika miongozo ninayoitumia. Wanayo wanafunzi wenyewe, hasa wa Kano na Nyakach, ambao hunyamaza darasani wakidhani kuwa ya nyumbani hayatahiniwi. (Wenzao wa Lamu nao waulizwe kuhusu mkate wa makapi uliofichwa tupa, na kwa nini walinzi waliokula vyakula vizuri vya mfungwa waliuacha huo.)

Siku hizi siulizi tena ‘Mlinganishe Liyongo na Samsoni.’ Nauliza: ‘Siri ya shujaa ilijulikanaje, na aliyeijua alihitaji kujua nini kwanza?’ Kusahihisha kunachukua muda mrefu zaidi, maana majibu hayafanani.