Lugha ya Kumshauri Mlezi: Uhakiki wa Kazi Yetu Wenyewe

Si desturi ya kurasa hizi mhakiki kuihakiki kazi yake mwenyewe. Lakini karatasi tunayokusudia kuizungumzia tuliitafsiri sisi, kwa mkono wetu, na makosa yake hayana mwingine wa kubebeshwa. Ni karatasi ya kurasa nne yenye mashauri kwa wazazi wenye watoto wadogo: kunyonyesha, kulikiza, kuharisha, usingizi, kilio na adabu. Zahanati moja iliyo jirani na shule tunayofundisha, hapa Uganda, ilituomba tuitie katika Kiswahili, kwa kuwa miongoni mwa akina mama wafikao pale wamo waliotoka Kongo, wamo wa pande za Naili Magharibi, na wamo wake wa askari, ambao Kiganda hawakijui na Kiingereza hawakisomi. Tulifurahi kuombwa. Ni mara chache mwalimu wa Kiswahili katika nchi hii kuitwa kwa kazi isiyo ya mtihani. Tukakaa juma zima, kamusi mezani, na tulipomaliza tuliona tumefanya jambo jema.

Katika darasa letu la jioni yumo mwanafunzi mmoja, mama wa watoto watatu, ajifunzaye Kiswahili kwa ajili ya biashara yake. Tulimpa karatasi ile aisome kwa sauti, tukitaraji kusikiliza matamshi tu. Alipofika penye maji ya kumnywesha mtoto anayeharisha akasoma: “Vijiko sita vya sukari na nusu ya chumvi katika lita moja ya maji.” Akanyamaza. Kisha akauliza: “Mwalimu, nusu ya nini?”

Ndugu walimu watatuwia radhi tukilikalia swali hilo kwa muda, maana ndilo lililotufanya tuandike. Nusu ya kijiko, tulitaka kusema. Lakini sentensi haikusema hivyo. Kwa sarufi iliyo wazi kabisa, “vijiko sita vya sukari na nusu ya chumvi” yaweza pia kufahamika kuwa chumvi iwe nusu ya ile sukari, yaani vijiko vitatu. Kipimo sahihi cha maji hayo yanapotengenezwa nyumbani ni vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Mwenye kutia vijiko vitatu ametia chumvi mara sita ya ile itakiwayo. Chumvi nyingi kiasi hicho haimrudishii mtoto maji. Humzidishia ukavu, na yaweza kumletea degedege na kumwua. Neno moja, “kijiko”, ambalo tuliliacha kwa sababu tuliona kulirudia kunaharibu mtiririko wa sentensi, lilikuwa limebeba uhai wa mtu.

Wala hilo halikuwa peke yake. Hatukusema kijiko kipi. Katika nyumba nyingi kipo cha chai na kipo cha kulia wali, na chote ni “kijiko” kwa mtoto aliyetumwa kukileta. Hatukusema kisawazishwe au kijazwe rundo. Lita moja tuliiandika kama kwamba kila jiko lina chombo chenye alama za kupimia, na hali chombo kilichoenea leo mijini na vijijini ni ile chupa ya plastiki ya maji ya dukani, ya nusu lita, ambayo mbili zake hutimiza kipimo bila ya hesabu. Na juu ya yote hatukutaja kwamba maji haya ya nyumbani ni ya kushikilia tu mpaka mzazi apate pakiti za chumvichumvi za zahanati, pamoja na vidonge vya zinki ambavyo tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wameshauri mtoto anayeharisha apewe kwa siku 10 hadi 14. Karatasi ya Kiingereza tuliyopewa ilikuwa imelitaja jambo hilo. Sisi tulilipitia haraka, tukaliruka.

Baada ya darasa lile tuliisoma kazi yetu upya, sasa kwa jicho la adui. Tuliyoyaona yanahusu lugha kuliko utabibu, na kwa hiyo yanastahili kuletwa hapa.

Kwanza ni amri. Karatasi nzima ilikuwa ya “fanya” na “usifanye”: nyonyesha, chemsha, osha, usipige, usichelewe, usiache. Walimu wa nchi jirani huenda wasione ubaya wake, lakini hapa kwetu jambo hili lina historia. Kiswahili kiliingia masikioni mwa Waganda wengi kwa njia ya kambi, tangu zama za jeshi la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902, na baadaye kwa polisi na vizuizi vya barabarani. Mwaka 1973 kilipotangazwa kuwa lugha ya taifa, waliokitangaza walikuwa watawala wa kijeshi. Tangu hapo kimepata cheo cha lugha rasmi ya pili katika katiba iliyorekebishwa mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini cheo ni kimoja na mapenzi ni mengine. Bado wako wazee ambao wakiambiwa “Keti!” kwa Kiswahili moyo hushtuka. Karatasi yetu ilimwendea mama mwenye mtoto mgonjwa kwa sauti ileile.

Na si kwamba Kiswahili hakina njia nyingine. Tunawafundisha wanafunzi kila siku kiambishi -ki- cha masharti, tukawapa mifano ya mvua ikinyesha na Juma akija, kisha kalamu ikiwa mkononi mwetu tunakisahau. Shauri huhitaji wakati wake. “Mbebe mtoto” ni amri, na mzazi ana haki ya kujibu kwamba ana maji motoni. “Mtoto akilia usiku na umeshamnyonyesha, mwinue, umwegemeze begani, umpigepige mgongo polepole mpaka acheue” ni shauri: lina wakati, lina sababu, na vitendo vinafuatana kama vinavyofuatana katika chumba chenye giza. Angalieni jinsi amri ya kwanza, “mwinue”, inavyolainishwa na “umwegemeze” na “umpigepige” zinazoifuata. Huo ndio mwendo wa asili wa mtu mzima anapomwelekeza mwenzake kazi. Bibi zetu hawakuusoma chuoni.

Hapa ndipo tulipomkumbuka Mwana Kupona. Utendi wake, uliotungwa mwaka 1858, unafundishwa katika madarasa ya juu kama hazina ya lugha ya kale ya Lamu na Pate, na wasomaji wa siku hizi, hasa wanawake, hubishana vikali juu ya utiifu kwa mume unaohubiriwa humo. Ubishi huo una haki yake, nasi hatutauingilia leo. Tunalotaka kulitazama ni namna anavyoshauri. Kabla ya kutoa neno lolote la mafundisho anamwita bintiye aje karibu na wino na karatasi, anamweleza kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, ndipo anapoanza. Msomaji amekwisha kujua nani anasema, kwa nani, na kwa nini leo. Tena, anapotaka mume atunzwe haliachi neno “kutunza” likielea. Anasema apepewe akilala. Upepo na mkono, basi. Miaka zaidi ya 160 imepita, na mtu yeyote aliyepata kuishi katika joto la pwani anaelewa mara moja afanyeje.

Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, naye alimwandikia bintiye Hati na mwanawe wa kiume Adili. Tunazipenda tenzi hizo na tutaendelea kuzifundisha, lakini kwa maoni yetu humo sifa njema hutajwa zaidi ya vitendo vinavyozilea. Mtoto mkubwa aweza kulishwa sifa. Mlezi wa mtoto wa miezi minane anataka kujua afanyeje na kijiko.

Twarudi kwenye karatasi yetu. Mahali palipotuaibisha zaidi baada ya pale pa chumvi ni pa chakula. Kiingereza kilisema mtoto akitimiza miezi sita aanze kupewa chakula laini kilichochanganywa, pamoja na kuendelea kunyonya. Tukaandika: “Mtoto apatiwe mchanganyiko wa lishe kamili wenye virutubishi vyote.” Sentensi nzuri, ya kustahili kusomwa redioni. Hakuna aliyeielewa. Na hali hapa Uganda kila mtu, hata mgeni aliyekaa miaka miwili, anakijua kitobero: ndizi au viazi, maharagwe au karanga zilizopondwa au dagaa, na mboga za majani, vyote vikifungwa pamoja katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke, kisha vikapondwa. Wauguzi wa kitengo cha lishe cha Mwanamugimu pale Mulago wamekuwa wakiwafundisha wazazi chakula hicho kwa miaka mingi, na jina lenyewe la kitengo, maana yake mtoto mwenye afya, lilichaguliwa katika lugha ya nyumbani.

Mbona tuliliogopa neno kitobero? Kwa sababu si Kiswahili sanifu, tulijiambia. Ni kweli halimo katika kamusi tulizo nazo. Lakini limeingia katika ngeli ya ki-/vi- kama kwamba lilizaliwa humo. Twaweza kusema vitobero viwili bila ya ulimi kujikwaa. Kiswahili cha pwani kilipokea chapati na sambusa bila ya kuomba ruhusa ya mtu. Sisi wa bara hatuna budi kuwa na haki ileile juu ya vyakula vyetu. Tunajua baadhi ya wenzetu watapinga, na kurasa hizi ziko wazi kwao.

Kosa jingine la namna hiyo tulilifanya tulipoandika kwamba mtoto chini ya miezi sita apewe “maziwa ya mama peke yake”. Mzazi mmoja aliifahamu kuwa asipewe maziwa ya mama mwingine wala ya ng'ombe. Maji aliendelea kumpa, maana maji si maziwa. Tulipaswa kuongeza maneno matatu tu: “asipewe hata maji”.

Na palikuwa na “Mchangamshe mtoto kiakili.” Sentensi hii tuliifuta yote. Badala yake tumeandika: “Unapomenya ndizi, mkalishe mtoto karibu, kisu kikiwa mbali naye, umwambie unachofanya. Mtajie ganda, sufuria, moto. Akikujibu kwa sauti zake, mjibu kama mtu anayezungumza nawe.” Hatukusema kwa lugha gani, mlezi aseme kwa ile anayoijua vizuri. Hapa twakiri, kwa kuwa tumeanza kukiri, kwamba wengi wetu tufundishao Kiswahili hatukuwatajia watoto wetu wenyewe ganda na sufuria kwa lugha hii. Tuliwasemesha Kiingereza, tukakiacha Kiswahili ubaoni.

Methali nazo. Katika sehemu ya adabu tuliongeza kwa hiari yetu “Samaki mkunje angali mbichi”, ili karatasi ipate ladha. Baba mmoja akatushukuru kwa kukubaliana naye kwamba kiboko kianze mapema. Methali haisemi hivyo. Inasema juu ya wakati, haisemi juu ya fimbo. Lakini methali ikitupwa mahali pasipo na maelezo, kila mtu huivika vazi alilokuja nalo. Tumeiondoa. Mahali pake pana habari ya mtoto wa miaka miwili anayejitupa chini sokoni kwa kulilia kitu: mwinue, umtoe penye watu, ukae naye bila ya maneno mengi mpaka atulie, ndipo umweleze kwa sentensi moja. Haina utamu wa methali. Inafanyika.

Jambo la mwisho ni la kuitana. Karatasi yetu ilisema “mama” toka mwanzo hadi mwisho, na hali Kiswahili hakitulazimishi kutaja jinsia ya mtu katika kitenzi, na kimetupa neno “mlezi” linalomkusanya mama, baba, bibi, shangazi na yaya. Katika nyumba nyingi tunazozijua ni bibi aliye na mtoto mchana kutwa. Yeye hakuambiwa kitu.

Tulimpelekea mwanafunzi wetu sentensi mpya ya maji ya chumvi na sukari. Sasa inasomeka hivi: “Chukua maji safi ya kunywa, chupa mbili za nusu lita. Tia vijiko sita vya chai vya sukari, kila kijiko kikiwa kimesawazishwa. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, nacho kisawazishwe. Koroga mpaka viyeyuke. Mpe mtoto huku ukifanya safari ya zahanati.” Aliisoma mara mbili, polepole, kidole kikifuata mistari. Akasema imeeleweka, kisha akauliza, je, akitapika? Hatukuwa tumeandika. Tulikwenda kwa muuguzi siku iliyofuata, na mstari ukaongezwa: “Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha endelea kumpa kidogo kidogo, kwa kijiko.”