Kuujua utabiri bora wa mvua Kamina

Utabiri wa mvua unaotoka kwenye kompyuta kubwa haupimwi kwa uzuri wa ramani zake. Kinachoangaliwa ni kiasi cha shaka ulichokiri, na jinsi shaka hiyo inavyolingana na mvua iliyonyesha kweli. Kamina, makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mahali pagumu pa kufanyia mtihani huo.

Kiasi cha shaka hupatikana kwa kurudia hesabu. Kituo cha Ulaya cha utabiri, ECMWF, chenye kompyuta zake Bologna, Italia, huendesha modeli yake ya hali ya hewa mara 51 kwa utabiri wa siku 15: mara moja kwa hali ya hewa ya mwanzo kama ilivyokadiriwa, na mara 50 hali hiyo ikiwa imebadilishwa kidogo. Haja ya kufanya hivyo ilionekana mwaka 1961, mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz alipoiingizia kompyuta yake 0.506 badala ya 0.506127, akapata hali ya hewa isiyofanana kabisa na ya awali. Hesabu 36 kati ya 51 zikitoa milimita 10 au zaidi, uwezekano wa mvua hiyo ni kama asilimia 71.

Asiye mzoefu hufurahi hesabu zote zikikubaliana. Mjuzi huuliza kama zina haki ya kukubaliana. Ili kujua, majibu 51 hupangwa kuanzia dogo hadi kubwa, kisha hutazamwa mvua iliyopimwa imeangukia wapi kati yake. Modeli ikiwa inajua kweli ukubwa wa shaka yake, mvua itakuwa chini ya jibu dogo kuliko yote, au juu ya lililo kubwa kuliko yote, kama mara 2 tu katika siku 52. Ikitoka nje mara 15, modeli hiyo inajiamini kupita kiasi, hata wastani wake ukiwa mzuri.

Majira nayo yana udanganyifu wake. Januari, anayesema kila siku kwamba mvua itanyesha Kamina atapatia mara nyingi. Julai, anayesema haitanyesha atapatia karibu siku zote. Hakuna hata mmoja wao aliyeonyesha ufundi. Mtihani wa kweli ni mwanzo wa mvua, Septemba na Oktoba, mkulima anapojiuliza kama mvua ya kwanza itafuatwa na nyingine au mbegu za mahindi zitakauka ardhini. Hapo hufaa alama iliyopendekezwa na Glenn Brier mwaka 1950. Aliyesema asilimia 70 na mvua ikaja, hutozwa kosa lake likizidishwa kwa lenyewe, yaani 0.09; isipokuja, hutozwa 0.49. Aliyesema asilimia 100 akakosea, hutozwa 1 nzima. Wastani mdogo ndio bora, lakini sharti uwe mdogo kuliko wa mtu anayetumia kumbukumbu za miaka iliyopita peke yake, na miaka ya mtihani isiwe ile iliyotumika kuirekebisha modeli.

Ugumu mkubwa uko kwenye kipimo chenyewe. Vituo vya kupima mvua katika bonde la Kongo vilipungua sana baada ya uhuru, kwa hiyo watafiti wengi hulinganisha modeli na makadirio. CHIRPS, makadirio yanayoanza mwaka 1981, husoma ubaridi wa vilele vya mawingu kutoka satelaiti na kusahihisha kwa vipimamvua vilivyopo. Penye vipimamvua vichache, marekebisho huwa machache pia. ERA5, makadirio mengine, ni kazi ya ECMWF yenyewe, na mvua yake hutoka kwenye modeli. Kuipima modeli ya ECMWF kwa ERA5 ni kumpa mwanafunzi ajisahihishie mtihani. Ripoti isiyosema imelinganishwa na nini iwekwe kando.

Hata kipimamvua kikiwepo, saa na eneo vinaweza kuharibu kila kitu. Siku ya kompyuta huanza saa sita usiku ya Greenwich, ambayo Kamina ni saa nane usiku. Kipimamvua kikisomwa saa mbili asubuhi, mvua ya alfajiri huandikwa kwenye siku tofauti, na modeli hulaumiwa bure. Kuhusu eneo, tangu 2023 mraba mmoja wa hesabu hizo 51 za ECMWF una upana wa kilomita 9 hivi, yaani kilomita za mraba 81, na jibu lake ni wastani wa eneo hilo lote. Mvua ya radi ya alasiri inaweza kulowesha mtaa wa stesheni na kuacha mashamba ya muhogo upande wa pili wa mji makavu. Tofauti hiyo si kosa la modeli, lakini lazima ihesabiwe ndani ya shaka, na wengi huisahau.

Modeli ambayo haijawahi kulinganishwa na kipimamvua hata kimoja cha Haut-Lomami huenda ikawa sahihi. Kwa Kamina, bado haijathibitishwa.