Maneno Yasiyosomwa

Ukitaja Frimasoni kwenye kijiwe chochote cha Dar es Salaam au Nairobi, utasimuliwa habari za utajiri wa ghafla. Kazi ya nyumbani haitajwi. Lakini katika loji, yaani vikundi vya Frimasoni, zinazofuata taratibu za Uingereza, zikiwemo za Afrika Mashariki, mwanachama aliyepewa wadhifa hutumia jioni nyingi na kijitabu mkononi, midomo ikicheza, akijifundisha maneno ya sherehe ya kumpokea mtu mwingine. Siku ya sherehe kijitabu hubaki mfukoni. Maneno husemwa kwa ghibu.

Mazoea hayo yana umri mkubwa kuliko loji za leo. Tarehe 28 Desemba 1599, William Schaw, msimamizi wa kazi za ujenzi za mfalme wa Scotland, aliiagiza loji ya waashi ya Kilwinning iwajaribu mafundi na wanagenzi wake katika sanaa ya kukumbuka. Hao walikuwa waashi wa mawe na chokaa. Desemba 1813, Loji Kuu mbili za Frimasoni wa Uingereza zilizokuwa zikishindana ziliungana, na loji maalumu ikapewa kazi ya kuoanisha sherehe zao. Matokeo yaliidhinishwa mwaka 1816, ila hayakuchapwa. Aliyetaka kuyajua alikwenda kuyasikia, akarudi kwao nayo kichwani.

Mwanafunzi wa leo mara nyingi huanzia kwenye hotuba fupi ya zana za daraja la kwanza kati ya madaraja matatu ya uanachama. Zana ni tatu: rula ya inchi 24, nyundo na patasi. Kwanza hutajwa kwa majina. Kisha kila moja huelezwa kazi yake kwenye jiwe: rula ya kupimia, nyundo ya kuondolea vinundu, patasi ya kulainishia. Halafu zote hurudiwa kwa mara ya tatu, sasa kama mafunzo ya maadili. Inchi 24 huwa saa 24 za siku, zenye fungu la sala, fungu la kazi na mapumziko, na fungu la kumsaidia mwenzako. Nyundo huwa dhamiri, patasi huwa elimu. Mwanafunzi makini hayakimbilii maneno. Hushika kwanza kiunzi hiki, majina matatu, kazi tatu, maana tatu, ili akipotea katikati ajue amepotelea wapi.

Baada ya hapo hufungua kijitabu. Ni kidogo, cha kutosha kuingia mfukoni, na baadhi ya maneno yamechapwa kwa herufi ya kwanza tu. Ukamilifu wake hupatikana kwa kusikia kutoka kwa waliotangulia. Huweka kadi juu ya ukurasa na kuishusha mstari mmoja mmoja: anasoma, anafunika, anasema, anafunua, analinganisha. Akiweka kiunganishi kimoja mahali pa kingine, hatengenezi neno lile peke yake. Anarudi mwanzo wa sentensi na kuipita yote. Mstari wa pili husemwa pamoja na wa kwanza, na wa tatu pamoja na yote miwili.

Palipo legelege ni kwenye viungo. Mtu huweza kuijua aya nzima bila kasoro, akafika nukta ya mwisho akasimama, hana habari aya inayofuata inaanzaje. Kwa hiyo wazoefu huhifadhi maneno ya mwisho ya aya pamoja na ya kwanza ya aya inayofuata, kana kwamba ni sentensi moja. Mtego mwingine ni mfanano. Viapo vya madaraja matatu vimejengwa kwa mtindo unaokaribiana, na ulimi uliokwisha kuzoea cha kwanza, ukifika mahali vinapogawanyika, huteleza wenyewe. Dawa yake ni kuviweka sambamba, kutafuta pale vinapoachana, na kuyarudia maneno machache ya hapo mpaka yatoke bila kusita.

Hatua inayofuata hufanyika mbele ya watu. Loji nyingi zina kikao cha mazoezi ambako mtu huonyesha alichojifunza bila mavazi rasmi wala mtarajiwa wa kweli, yaani mtu anayepokewa, na mwalimu husikiliza. Kama ilivyo madrasa, hupewi kipande kipya kabla ya kusikilizwa cha zamani. Hapa ndipo mwili unapojiunga na ulimi. Shemasi, mmoja wa wenye wadhifa katika loji, anamwongoza mtarajiwa kuzunguka ukumbi, mkono mmoja una fimbo, wa pili umeshika mkono wa mtu, na kila swali linaloulizwa ni yeye anayemnong'oneza jibu. Aliyehifadhi akiwa ameketi sebuleni hugundua kwamba maneno yanakimbia anapoanza kutembea. Basi hurudi nyumbani akahifadhi upya, safari hii akipiga hatua kati ya viti.

Kushoto kwa Mkuu wa loji huketi aliyemaliza muda katika wadhifa huo. Yeye ana kitabu, na jukumu lake ni kumwokoa anayekwama. Kazi hii nayo ni ufundi. Akimwambia neno mtu aliyenyamaza makusudi ili sentensi iliyopita iingie, amemvuruga. Akichelewa kwa aliyekwama kweli, amemwacha mbele ya ukumbi mzima. Hivyo hutazama macho kuliko midomo: anayepumzika humtazama mtarajiwa, aliyepotea hutazama dari. Neno moja kwa sauti ya chini hutosha.

Ukitaka kujua jasho lote hili ni la nini, fikiria aliyelengwa. Katika daraja la kwanza mtarajiwa huingia amefungwa kitambaa machoni. Hana alicho nacho ila sauti. Anayesoma karatasini huongea na karatasi. Sauti hushuka kila anapogeuza ukurasa, na mikono yake ina shughuli. Aliyehifadhi ana mikono ya kushika rula na nyundo, na kitambaa kinapofunguliwa, mtarajiwa anakuta anatazamwa usoni. Mtarajiwa hupokewa katika daraja hilo mara moja tu maishani. Miezi ya kadi na kijitabu imetumika kwa ajili ya usiku mmoja wa mtu mwingine.

Mahali panapopima ufundi huu kwa ukali kuliko pote ni London, kwenye Emulation Lodge of Improvement, iliyoanza Oktoba 1823 na inayokutana Freemasons' Hall, barabara ya Great Queen Street. Kwa karibu karne moja na nusu taratibu zake zilipokezanwa kwa mdomo. Kamati yake ilitoa kitabu chake rasmi mwaka 1969. Hapo neno moja likienda kombo, husahihishwa. Anayefanya kazi ya Mkuu katika sherehe nne, za madaraja matatu na ile ya kumtawaza Mkuu mpya, bila kusahihishwa hata mara moja, hupewa kikasha cha viberiti cha fedha. Tuzo hiyo imekuwapo tangu mwaka 1897.

Katika loji ya kawaida hakuna kikasha. Sherehe ikienda sawa, mtarajiwa hudhani maneno yale yalikuja yenyewe, na hakuna anayemwambia vinginevyo. Nyadhifa kwa kawaida hubadilika kila mwaka. Aliyekuwa mlinzi wa ndani huwa shemasi, shemasi huwa msimamizi, msimamizi hukaribia kiti cha Mkuu, na kila kiti kina kurasa zake. Yale aliyoyapata kwa taabu mwaka jana sasa ni ya mwenzake kuyasema. Yeye anachukua kadi, anafungua ukurasa mpya, na kuanza na mstari wa kwanza.