Heshima kwa Wanaochambua Sauti Ikiwa Njiani
Simu inapopunguza mngurumo wa feni na kubakiza maneno ya msemaji, kuna watu waliopigania kila milisekunde, nao wanastahili shukrani. Programu zao hupokea sauti iliyopimwa, kwa kawaida, mara 48,000 kwa sekunde, huikata vipande, huchambua masafa ya kila kipande na kupunguza kelele, kisha huunganisha vipande hivyo vikipandiana ili kiungo kisisikike. Ugumu uko hapa: kipande cha vipimo 1,024 hutenganisha masafa kwa hatua za hezi 47 hivi, lakini kukijaza tu huchukua milisekunde 21. Kikifupishwa hadi vipimo 256, kusubiri hushuka hadi milisekunde 5 na kidogo, ila hatua hupanuka hadi hezi 187.5, na sauti nzito za besi hazitofautishiki tena.

Wapo watakaosema kompyuta za leo zina kasi, hivyo tatizo limekwisha. Ni kweli hesabu zilirahisishwa sana tangu wanahisabati Cooley na Tukey walipochapisha njia yao ya haraka ya kuchambua masafa mwaka 1965, lakini hakuna prosesa inayoweza kuchambua sauti ambayo haijafika. Tena, wastani wa kasi hauokoi kitu: programu ikichelewa mara moja tu kukabidhi kipande, msikilizaji husikia mpasuko. Kuomba kumbukumbu ya kompyuta au kusoma faili kunaweza kuchelewa bila kutabirika; ndiyo maana mafundi hawa hutenga kumbukumbu yote mapema, na hawathubutu kusoma faili katikati ya kazi. Wakifaulu, hakuna anayewasikia. Tusisubiri mpasuko ndipo tuwathamini.